Mteja Anaona Kamari, Mimi Naona Tovuti Nzima

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga. Tangu 2021 natengeneza tovuti za watu na kuzitunza. Chuo sikwenda. Nilijifunza kwa video usiku watoto wakishalala, na sasa nina wateja watatu: nyumba ya wageni upande wa Pangani, shule moja ya sekondari, na kikundi cha kinamama wanaouza viungo. Zote tatu nimezijenga kwa WordPress, programu ya bure ya kujengea tovuti. Hela si nyingi, ila ada ya mtoto inatoka humo.

Mambo yalianza kuharibika Ijumaa moja jioni. Nilikuwa kwenye daladala, nikaona tovuti ya nyumba ya wageni inaomba plagini, vile viprogramu vya kuiongezea tovuti uwezo, zisasishwe, nikazibonyeza zote kwa mpigo kwa simu. Tovuti ikawa nyeupe pe. Nimehangaika nayo mpaka Jumapili usiku, nafuta hiki naweka kile, hadi ikarudi. Plagini ya kupokea oda za vyumba ndiyo iliyogoma, maana leseni yake ilikuwa imeisha na dola za kuilipia sikuwa nazo. Kijana mmoja wa kundi letu la WhatsApp akanitumia toleo la kulipia ambalo watu wameshalifungua kufuli. Nikaliweka, likafanya kazi, nikamshukuru Mungu.

Wiki tatu baadaye msimamizi wa nyumba ya wageni akanipigia: wageni wakifungua tovuti wanapelekwa kwenye ukurasa wa kamari. Nikafungua kwa laptopu, tovuti nzima. Nikafungua kwa simu, nzima. Nikamwambia simu ya huyo mgeni ina virusi. Kesho yake akapiga tena, safari hii kaona kwa macho yake. Nikafungua tena, nzima. Mwalimu, nilimjibu vibaya. Nilimwambia ananitafutia sababu ya kutonilipa salio langu. Sasa anataka nimrudishie laki nne zake, na ameongeza kwamba hata bila kamari tovuti yenyewe ni nzito, wageni wanachoka kusubiri picha.

Mwenzangu mmoja ananiambia shida yangu ni vifaa. Mafundi wa kweli, anasema, wana programu ya ulinzi, ya kupima kasi, ya kutunza nakala, ya kubana picha, na zote wanazilipia kwa dola kila mwezi. Nimejumlisha, inakuja kama laki moja na nusu kwa mwezi. Nafikiria kumkopa dada yangu. Laptopu yangu ni ya GB 4 na bando nanunua la wiki. Nianze kununua ipi? Na huyu mteja anaona nini ambacho mimi sikioni?

Mama wa Wawili, Tanga

---

Marahaba, mwanangu.

Usimkope dada yako. Hakuna hata kimoja utakachohitaji wiki hii ambacho kinauzwa.

Nianze na swali lako la mwisho. Mteja wako anaona kitu cha kweli. Wanaoingiza uchafu wa namna hii kwenye tovuti wanajua fundi atakuja kukagua, kwa hiyo wanauandikia masharti. Ukiwa umeingia kama msimamizi wa WordPress, unajificha. Ukiandika anwani mwenyewe juu ya kivinjari, unajificha. Unamngoja mtu aliyetoka kwenye matokeo ya Google, mwenye simu, ambaye hajawahi kufika, na mara nyingi unamtupa kwenye kamari mara moja tu. Akirudi mara ya pili anakuta tovuti nzima. Wewe kwa mtazamo wake ndiye mtu wa mwisho wa kuonyeshwa. Umefungua mara tatu, na mara zote tatu ulifungua kama mwenye nyumba.

Sasa fungua kama mgeni. Njia ya kwanza haihitaji programu yoyote: chukua simu ya mtu mwingine, zima Wi-Fi, tumia data, fungua dirisha la faragha, tafuta jina la nyumba ya wageni kwenye Google na ubonyeze jibu lake. Njia ya pili ni curl, programu ndogo ya kuita ukurasa kwa amri ya maandishi, ya Msweden Daniel Stenberg ambayo iko kazini kwa jina hilo tangu 1998. Kama laptopu yako ni Windows 10 iliyosasishwa au 11, tayari unayo. Fungua cmd, lile dirisha jeusi la amri, uandike:

curl -I -A "Mozilla/5.0 (Linux, Android 13, Mobile)" -e "https://www.google.com/" halafu nafasi moja na anwani ya tovuti.

Hapo umeiambia seva, kompyuta inayohifadhi tovuti, kwamba wewe ni simu ya Android na unatokea Google. Tazama mstari wa kwanza wa jibu. Ukiona 200, ukurasa umetolewa kama kawaida. Ukiona 302, yaani unaelekezwa kwingine, shuka chini mpaka kwenye neno location, usome anwani iliyoandikwa mbele yake. Ikiwa si anwani ya mteja wako, umemshika mwizi, na hukulazimika hata kuufungua ukurasa wake. Wakati mwingine jibu ni 200 na uchafu umejificha ndani ya ukurasa wenyewe. Basi rudia amri ileile, mahali pa -I weka -o ukurasa.html, kisha fungua hilo faili kwa Notepad utafute neno script. Anwani usiyoijua ikitajwa humo, ifuatilie.

Kabla ya kufuta chochote, mpigie mteja. Najua ni simu nzito. Lakini yeye alikuambia kweli mara mbili na wewe ukamjibu kwamba anakwepa deni. Mwambie hivi: "Kaka, ulichoona ni kweli. Mimi nilikuwa sioni kwa sababu uchafu huu unajificha kwa fundi. Umeingia kwa plagini niliyoiweka mimi, nami nitausafisha bila malipo. Naomba siku tatu, na katika siku hizo tovuti itakuwa na tangazo la matengenezo na namba yako ya simu." Usimwambie kijana wa WhatsApp ndiye aliyekuponza. Mteja hamjui, na mkono uliobonyeza ni wako. Suala la laki nne lisubiri tovuti ipone. Akishaona imepona na umeomba radhi, mtazungumza vizuri zaidi.

Naitaja plagini ile kwa uhakika, ingawa sijaiona, kwa sababu ndiyo njia ninayoikuta kila mara. Mtu anayefungua kufuli la programu ya kulipia na kuigawa bure naye anataka kula. Mara nyingi chakula chake ni mistari michache ya kodi, yaani maandishi ya programu, aliyoichomeka humo, ya kumfungulia mlango wa nyuma. Tena haimalizi kazi kwa kufutwa: ikishaingia siku moja, huwa imeshaacha mafaili mengine sehemu nyingine. Ndiyo maana kuifuta peke yake hakutakuponya.

Kusafisha kunaanza kwa kutunza nakala ya tovuti ikiwa chafu hivyohivyo. Utashangaa, lakini ukikosea katikati utaihitaji. Ingia kwenye paneli ya kampuni inayohifadhi tovuti, funga folda nzima kuwa faili moja la zip, pakua na hifadhidata, yanamokaa maandishi na mipangilio ya tovuti, kupitia phpMyAdmin, chombo cha kuifungulia kilicho kwenye paneli, uviweke kwenye flashi iliyoandikwa CHAFU. Kisha waulize kampuni hiyo kama wana nakala ya kabla ya ile Ijumaa. Kampuni nyingi hutunza nakala za siku au wiki kadhaa bila kumtangazia mteja, lakini huzifuta zinapozeeka, kwa hiyo piga leo. Ukiipata, kazi ya siku tatu inakuwa ya jioni moja.

Usipoipata, safisha kwa mikono. Pakua WordPress mpya kutoka wordpress.org. Kwenye seva futa folda za wp-admin na wp-includes, uweke mpya badala yake; ubadilishe na mafaili yaliyo nje ya folda, isipokuwa wp-config.php, faili la mipangilio, ambayo utaifungua na kuisoma mstari kwa mstari, pamoja na .htaccess, faili la maagizo kwa seva. Plagini zote futa, uziweke upya kutoka chanzo chake. Themu, ile inayoipa tovuti sura yake, vilevile. Halafu nenda wp-content/uploads. Humo zinakaa picha na PDF, basi. Ukikuta faili linaloishia na .php, yaani la programu, lisome kabla ya kitu kingine. Plagini chache huacha humo index.php tupu isiyo na kitu ndani, lakini lenye kodi ndefu isiyosomeka ni la mwizi.

Wenye kuweza kuandika amri kwenye seva wana WP-CLI, chombo cha kuendesha WordPress kwa amri, na wana raha. Amri ya wp core verify-checksums hulinganisha kila faili la msingi na lile la asili, na kukutajia lililobadilishwa na lisilotakiwa kuwepo. Kama kampuni yako haikupi dirisha la amri, weka plagini ya ulinzi ya Wordfence, ile ya bure, inafanya ulinganisho wa namna hiyo kwa kubonyeza. Ya bure hupata orodha ya virusi vipya siku 30 baada ya wanaolipa. Kwa tovuti yako hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni kwamba plagini ya kulipia haimo kwenye ghala la wordpress.org, kwa hiyo hakuna nakala ya asili ya kuilinganisha nayo. Usiisafishe ile. Itupe. Oda za vyumba zipokelewe kwa fomu rahisi inayotuma baruapepe, pamoja na namba ya WhatsApp ya mapokezi, mpaka mteja mwenyewe aamue kulipia leseni. Leseni ni gharama ya biashara yake, haikuwa ya kubebwa na mfuko wako.

Mwisho badilisha nywila zote: ya paneli, ya FTP (njia ya kupelekea mafaili kwenye seva), ya hifadhidata, ya kila msimamizi. Ndani ya wp-config.php kuna mistari minane ya herufi zilizochanganywa. Ibadilishe pia, na kila aliyekuwa ameingia atatolewa nje, mwizi akiwemo. Nywila hizo usijitumie WhatsApp, nawajua mafundi wengi wanaofanya hivyo. KeePassXC ni ya bure, haihitaji intaneti, na hata laptopu ya GB 4 haitaihisi. Ni faili moja lililofungwa kwa neno moja la siri, nalo unaweza kulinakili kwenye flashi. Halafu sajili tovuti kwenye Google Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, kama bado, ufungue sehemu ya masuala ya usalama. Google ikiwa imeshaiwekea alama, hapo ndipo pa kuomba ikaguliwe upya. Ukikaa kimya, wageni wanaweza kuendelea kuona onyo jekundu kwenye tovuti ambayo imeshapona.

Mwanangu, kamari imekuumiza, lakini mimi kilichonishtua ni ile Jumapili. Siku mbili nzima unafuta na kuweka, kwa sababu hukuwa na pa kurudi. Ungekuwa na nakala ya Ijumaa asubuhi, ungeirudisha kabla daladala haijafika kituoni. Leseni usingeikumbuka, na kijana wa WhatsApp asingekuwa na la kukutumia. Mwenzako amekuhesabia programu za kununua, na nakala kaiweka katikati ya orodha kana kwamba ni mojawapo tu. Mimi ningemwuliza fundi yeyote jambo moja: tovuti ikizimika sasa hivi, unairudisha kwa dakika ngapi, na mara ya mwisho ulijaribu lini?

Plagini ya nakala ya UpdraftPlus, ile ya bure, inatosha. Ipangie hifadhidata kila siku na mafaili kila wiki, zipelekwe Google Drive, ambako kila akaunti ina GB 15 bila malipo. Fungua akaunti moja kwa kila mteja, kwa jina la biashara yake, usichanganye na picha za watoto wako. Nakala isikae kwenye seva ileile ya tovuti, maana seva ikizama vinazama vyote. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliwafundisha wenzake hesabu ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja iwe mahali pengine. Kwako itakuwa seva, Drive, na flashi unayoiweka kwa dada yako. Huo ndio mkopo wa kumwomba.

Na ujaribu kuirudisha. Sikiliza hapa, maana ndipo wengi wanapoanguka. Weka XAMPP kwenye laptopu, programu ya kuigeuza iwe seva, ya bure, na GB 4 inaibeba bila tabu. Siku moja kila mwezi chukua nakala ya tovuti moja uijenge humo. Utakutana na kikwazo: ndani ya hifadhidata kila mahali pameandikwa anwani ya tovuti ya kweli, nawe sasa uko localhost, yaani ndani ya laptopu yako. Mwanafunzi wangu mmoja alifungua faili la hifadhidata kwa Notepad akabadilisha anwani zote kwa mkupuo. Tovuti ikafunguka, lakini menyu za pembeni zilipotea na mipangilio ya themu ikarudi sifuri. Sababu ni kwamba WordPress huhifadhi mipangilio mingi pamoja na idadi ya herufi zake. Imeandika kwamba anwani hii ina herufi 26. Wewe ukaweka ya herufi 21, hesabu ikakataa, na kifungu kizima kikatupwa. Amri ya wp search-replace inabadilisha anwani na kurekebisha hesabu papo hapo. Jambo kama hilo ulikute siku ya zoezi, si usiku ambao mteja anapiga simu kila baada ya dakika tano.

Tovuti hiyo ya kwenye laptopu ndiyo utakayosasishia kwanza. Plagini moja, unaangalia, ndipo ya pili. Ikiwa nyeupe, badilisha jina la folda ya plagini uliyoigusa mwisho, na tovuti itafunguka bila hiyo. Hata ile Ijumaa ungeweza kufanya hivyo kwa FileZilla, programu ya FTP. Na tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, WordPress ikianguka hivyo humtumia msimamizi baruapepe yenye kiungo cha kuingilia kwa dharura. Tazama sanduku lako la ile Ijumaa, pamoja na la taka. Huenda bado imo.

Kuhusu uzito, mteja wako pia anasema kweli, nami naweza kukisia kilichotokea: umepakia picha kama zilivyotoka kwenye simu. Fungua tovuti kwa Chrome, bonyeza F12, nenda sehemu ya Network, pakia ukurasa upya, utaona kila picha na uzito wake. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 huwa na MB 4 au 5. Ukurasa wa vyumba wenye picha 12 za MB 5 ni MB 60. Kwa mgeni mwenye kasi ya Mbps 4 hiyo ni dakika 2 za kusubiri, na bando lake limeliwa kabla hajaona kitanda. Ingia Squoosh, chombo cha bure cha timu ya Chrome ya Google. Inafanya kazi ndani ya kivinjari chako, picha haipakiwi popote. Punguza upana uwe pikseli 1600, chagua WebP, aina ya faili jepesi la picha, ubora 75, na buruta ule mstari wa katikati kulia na kushoto ukilinganisha sura mbili. Picha nyingi zitashuka chini ya KB 300, na shuka la kitandani litaonekana na mikunjo yake vilevile. Baada ya hapo pima kasi kwa Lighthouse, iko humohumo kwenye Chrome. Usihangaike kutafuta alama 100. Hangaika na sekunde za kusubiri.

Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya kodi, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, utajifunza baadaye, ukianza kuandika themu zako mwenyewe. Kwa sasa isikuumize kichwa. Ila jambo hili lisingoje: jina la tovuti limesajiliwa kwa nani? Angalia kwa Whois, huduma ya kuulizia mwenye jina la tovuti, na kama taarifa zimefichwa, kwenye akaunti ya msajili. Likiwa kwa jina lako, mhamishie mteja. Hata mkigombana kesho, jina ni mali ya nyumba ya wageni.

Shule na kinamama wa viungo nao wachukulie nakala leo, kabla hujamgusa huyu wa Pangani. Kama paneli ya seva ni moja kwa wote watatu, wakague kwa curl vilevile. Uchafu hutambaa kutoka folda hadi folda.

Ukifika kwenye orodha ya watumiaji wa tovuti, huenda ukakuta msimamizi usiyemjua. Usimfute papo hapo. Fungua phpMyAdmin, jedwali la wp_users, usome safu ya user_registered kwenye mstari wa jina lake, uipige picha, ndipo umfute. Linganisha tarehe hiyo na siku uliyoweka ile plagini, kisha niandikie uniambie zimepishana siku ngapi.